Sam Houston, liwali aliyekataa kuapa

Mu Marekani, kiti cha liwali wa jimbo kina milango miwili. Kuna wanaoingia wakitoka Washington, tena kuna wanaotoka wakienda Washington. Mutu ni liwali leo, kesho mutasikia ni seneta, waziri, ao hata raisi wa inchi. Jimbo la Tennessee peke yake lilitoa maliwali wawili waliofika kuwa raisi: James Polk na Andrew Johnson. Texas nayo ilitoa George W. Bush, pamoja na maseneta na mawaziri. Lakini kuna mutu mumoja tu aliyechaguliwa liwali mu hayo majimbo yote mawili, Tennessee kisha Texas. Kati ya hizo kazi mbili alikuwa pia jemadari, raisi wa inchi na seneta. Katika historia yote ya Marekani, hakuna mwingine ambaye raia walimuchagua liwali wa majimbo mawili. Huyo njo Sam Houston. Muji mukubwa kushinda yote ya Texas unabeba jina lake.

Leo tunaeleza maisha yake, na zaidi tunaeleza siku moja: tarehe 16 mwezi wa tatu 1861, siku aliyoitwa kuapa akanyamaza.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Kwetu, wabunge wa jimbo njo wanachagua liwali. Kule, raia wenyewe wanapiga kura, na raisi wa inchi hana uwezo wa kumufukuza liwali. Lakini huyo liwali, sawa vile wabunge na maseneta, anaapa kwamba atashika katiba ya federali, ile ya inchi nzima, na tena anaapa juu ya katiba ya jimbo lake. Kama Washington na jimbo wanasikilizana, hakuna shida. Kama wanagombana, ule mutu anabaki katikati na viapo vyake viwili.

Mutoto aliyekimbia duka

Sam Houston alizaliwa tarehe 2 mwezi wa tatu 1793, mu jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi aliyependa jeshi kushinda shamba, na alipokufa aliacha madeni. Mama Elizabeth akakusanya watoto wake tisa, akavuka milima, akaenda kuanza maisha mapya mu Tennessee. Ndugu zake Sam wakamutia kazi ya kuuza mu duka. Hakuipenda hata kidogo. Akiwa na miaka 16 akatoroka, akaenda kukaa na Wacherokee, kabila mumoja ya wenyeji wa ile inchi. Chifu wao, Oolooteka, akamupokea kama mutoto wake na kumupa jina la Kunguru. Alikaa nao karibu miaka mitatu, akajifunza luga yao na desturi zao. Tangu hapo, hata alipopata kazi kubwa kubwa, hakuwasahau.

Mu 1813 akaingia jeshi la federali. Mwaka uliofuata, mu vita ya Horseshoe Bend kule Alabama, mushale ulimuchoma mu paja. Jemadari wake alimuambia akae, akarudi mu mapigano, risasi mbili zikamupata mukono na bega. Wadaktari walimuacha wakizani hatafika asubui. Akapona, lakini vidonda vile vilimusumbua mpaka uzee. Jemadari huyo alikuwa Andrew Jackson, ambaye kisha alikuwa raisi wa Marekani. Jackson hakumusahau yule kijana, na kwa miaka mingi alikuwa kama baba yake mu siasa.

Kazi yake ya kwanza ya federali nje ya mapigano ilikuwa ya uchungu. Mu 1817 walimutia ajenti kwa Wacherokee, awasaidie kuhama kwenda upande wa magaribi, maana wazungu walitaka mashamba yao. Kati ya waliohama kulikuwa Oolooteka mwenyewe, yule baba yake. Houston akaongoza wajumbe wao mpaka Washington, naye akiwa amevaa nguo za Wacherokee. Waziri wa vita, John Calhoun, akamugombeza juu ya zile nguo. Mu 1818 Houston akaacha jeshi na ile kazi, akaenda kusomea sheria.

Liwali wa Tennessee, kisha mulevi

Alipanda haraka. Mu 1823 raia wa Tennessee walimutuma Washington kuwa mubunge wa federali, wakamurudisha tena mu 1825. Mu 1827 walimuchagua liwali. Alikuwa na miaka 34, murefu, mwenye sauti nzito, anayependa mavazi ya kushangaza watu. Jackson alipochaguliwa raisi mwishoni mwa 1828, wengi walianza kusema kwamba siku moja Houston naye atakalia kile kiti.

Mu mwezi wa kwanza 1829 akamuoa Eliza Allen, binti wa familia kubwa. Mwezi wa ine Eliza alikuwa amesharudi kwa wazazi wake. Juu ya nini? Hakuna mutu alijua. Bwana hakusema, bibi hakusema, wote wawili walikufa na siri yao. Lakini muji mzima wa Nashville ulikuwa unasema. Tarehe 16 mwezi wa ine, Houston akaandika barua ya kuacha uliwali, akapanda mashua, akaondoka Tennessee.

Alienda wapi? Kwa Wacherokee, kwa baba yake Oolooteka, ngambo ya mutoni Mississippi. Kule alioa Tiana Rogers kwa desturi ya Wacherokee, akafungua duka. Kijana aliyekimbia duka sasa alikuwa na duka lake, na sehemu ya pombe iliyokuwa mu ile duka aliikunywa mwenyewe. Walimubandika jina la Mulevi Mukubwa. Hata hivyo, alipokuwa na akili timamu aliwaandikia barua na kuwatetea Wacherokee mbele ya maofisa waliokuwa wanawaibia.

Mu 1832, akiwa Washington kwa mambo yao, mubunge mumoja wa Ohio, William Stanbery, alimusingizia wizi mu kontrati ya chakula cha wenyeji. Houston akamukuta njiani usiku, akamupiga fimbo. Stanbery akatoa bastola, ikakataa kulia. Bunge lilimuita Houston kumuhukumu, na kesi ilichukua wiki nyingi. Alijitetea kwa hotuba iliyofanya watu wamupigie mikono. Walimukaripia tu, kisha tribinali ikamutoza dola 500. Ule mutu aliyezaniwa amekufa mu siasa, jina lake likawa tena mu kila gazeti. Mwisho wa mwaka ule akavuka mupaka, akaingia Texas.

Raisi wa inchi

Wakati ule Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko. Wamarekani wengi walikuwa wamehamia kule kutafuta mashamba, na wengi kati yao walileta watumwa, hata kama serikali ya Meksiko ilikuwa inakataza utumwa. Hiyo ilikuwa sababu moja ya ugomvi kati yao na Meksiko, wala tusiifiche. Tarehe 2 mwezi wa tatu 1836, siku Houston alifikisha miaka 43, wajumbe wa Texas walitangaza uhuru. Houston alitia sahihi, akapewa jeshi lote.

Jeshi lenyewe lilikuwa wakulima na vijana wasiojua kutii. Siku ine kisha tangazo, raisi wa Meksiko, jemadari Santa Anna, akakamata ngome ya Alamo na kuua walinzi wake. Askari wa Houston walitaka kulipiza mara moja. Yeye akarudi nyuma. Wiki zaidi ya tano alirudi nyuma, huku familia zikikimbia mu matope na watu wakimutukana kwamba ni mwoga. Tarehe 21 mwezi wa ine akageuka. Karibu na mutoni San Jacinto, askari wake kama 900 walivamia kambi ya Santa Anna wakati wa kupumuzika muchana. Mapigano yenyewe yalimalizika mu dakika 18 hivi, ingawa mauaji yaliendelea kisha hapo. Wameksiko zaidi ya 600 walikufa. Houston alipigwa risasi kwenye kifundo cha muguu. Kesho yake wakamuleta Santa Anna akiwa mufungwa. Askari walitaka wamunyonge. Houston akakataa: raisi aliye hai anaweza kutia sahihi, maiti haiwezi.

Texas ikawa inchi peke yake, na Houston akachaguliwa raisi wake mara mbili, 1836 na 1841. Kati ya hizo muda mbili, mu 1840, akamuoa Margaret Lea wa Alabama, mama wa dini sana. Walizaa watoto wanane. Margaret njo alimuachisha pombe, na mu 1854 Houston akabatizwa mu mutoni, muzee wa miaka 61.

Seneta kwa miaka 13

Mwisho wa 1845 Texas iliingia mu Marekani ikiwa jimbo la 28. Jimbo jipya likatuma maseneta wawili Washington, na Houston alikuwa mumoja wao, tangu 1846 mpaka 1859. Watu waliokuja kuangalia kikao walimutambua bila kuuliza: muzee mwenye gile ya ngozi ya chui, anasikiliza hotuba huku anachonga vijiti kwa kisu kidogo, kisha anagawia watoto na wamama zile vitu alichonga.

Lakini kazi haikuwa muchezo. Inchi ilikuwa inapasuka juu ya utumwa. Majimbo ya kusini yalitaka kuupeleka mu mashamba mapya ya magaribi, yale ya kaskazini yalikataa. Mu 1854 ilikuja sheria ya Kansas na Nebraska. Ilivunja mapatano ya 1820 yaliyokuwa yameweka mupaka wa utumwa. Kati ya maseneta wote wa kusini, wawili tu walisema hapana: John Bell wa Tennessee na Sam Houston wa Texas. Houston aliona ile sheria italeta vita. Aliona tena kwamba inavunja ahadi ambazo Washington iliwapa wenyeji juu ya udongo wao.

Hapa musomaji asikosee. Houston hakuwa adui wa utumwa. Alikuwa na watumwa kwake nyumbani, kama 12 mu siku zake za mwisho. Alitaka Muungano wa Marekani usivunjike. Kuwafungua wale watu haikuwa mu mupango wake. Hii njo doa la maisha yake, na hakuna fasi ya kuliosha.

Kura yake ilimugarimu kiti. Siku zile maseneta hawakuchaguliwa na raia. Bunge la kila jimbo njo liliwachagua, na ilikuwa hivyo mpaka 1913. Mu 1855 bunge la Texas lilimulaumu wazi wazi. Houston akajua kile kiti hatakipata tena. Mu 1857, angali seneta, akajaribu uliwali, akashindwa na Hardin Runnels. Mu 1859, muda wa seneta umekwisha, akarudia, na safari hii alimushinda yule yule Runnels. Wabunge walimukataa, lakini raia walimukubali. Akawa liwali mara ya pili mu maisha yake, miaka 30 kisha kukimbia Nashville.

Kiapo

Mwezi wa 11 mu 1860, Abraham Lincoln alichaguliwa raisi. Carolina ya Kusini ikatoka mu Muungano mwezi uliofuata, na zingine zikafuata. Neno sécession, watu wa Lubumbashi hatuna lazima ya kuwafasiria. Mu Texas, wakubwa wa chama cha kujitenga walitaka liwali aite mukutano. Houston akachelewesha, akitumaini watu watapoa. Wakauita wenyewe. Tarehe 1 mwezi wa pili 1861 mukutano ulipiga kura: 166 walitaka kujitenga, 8 walikataa. Liwali alikuwa amekaa pale pale, anaangalia.

Raia nao wakaitwa kupiga kura tarehe 23. Karibu 46,000 walikubali, karibu 15,000 walikataa. Houston alikuwa amezunguka kuwaeleza, na fasi zingine walimuzomea. Kujitenga kulianza rasmi tarehe 2 mwezi wa tatu, siku ya kuzaliwa kwake, miaka 25 kamili kisha ule uhuru alioupigania.

Houston alikubali kwamba raia wamesema: Texas imetoka. Lakini mukutano uliendelea, ukaingiza Texas mu Shirikisho la Kusini, na ukaamuru kila ofisa aape kwa hiyo serikali mupya. Houston akasema raia hawakuulizwa juu ya jambo lile, tena mukutano hauna uwezo wa kumuapisha. Tarehe 16 mwezi wa tatu, mu jumba la serikali kule Austin, jina lake liliitwa mara tatu. Wanaeleza kwamba wakati ule alikuwa amekaa chumba cha chini, anachonga kijiti, kama alivyofanya mu seneti. Hakupanda. Mukutano ukatangaza kiti cha liwali kiko wazi, na musaidizi wake, Edward Clark, akaapa pa nafasi yake.

Kulikuwa njia ingine. Lincoln alikuwa amemuletea habari kwa siri kwamba yuko tayari kutuma jeshi la federali limusaidie. Houston akaita marafiki wachache, akawauliza shauri, kisha akaitupa ile barua mu moto. Alikuwa ameapa kulinda Muungano, ndiyo, lakini hakutaka kubakia mu kiti kwa damu ya watu wa Texas waliomuchagua. Akatoka mu nyumba ya liwali pamoja na Margaret na watoto.

Njiani, kule Galveston, watu walimuomba aseme. Aliwaambia kwamba kaskazini ni watu wasio na haraka, lakini wakianza hawarudi nyuma. Kwamba vijana wengi watakufa na mali nyingi itapotea, na mwisho kusini itashindwa. Hakuna aliyemusikiliza. Mutoto wake wa kwanza, Sam mudogo, akajiunga na jeshi la kusini. Mu 1862 alijeruhiwa na kukamatwa mu vita ya Shiloh, na nyumbani walikaa muda murefu wakizani amekufa, mpaka siku alirudi akitembea na magongo.

Muzee Houston alikufa na ugonjwa wa mapafu kule Huntsville, tarehe 26 mwezi wa saba 1863, na miaka 70. Vita ilikuwa ingali inaendelea. Miaka miwili haikuisha, yote aliyoyasema yakawa. Mwezi wa sita 1865, kule kule Galveston, jeshi la federali lilitangaza kwamba watumwa wa Texas wako huru.

Waliofuata

Mumoja wa watu wale alikuwa Joshua Houston, fundi wa chuma, mutumwa aliyekuja na Margaret alipoolewa. Mu nyumba ya Houston alikuwa amejua kusoma. Kisha vita akapewa nafasi mu baraza la muji wa Huntsville, na mu 1878 wapiga kura wakamuchagua mu uongozi wa wilaya. Watu wanahesabu vyeo vya Sam Houston kuanzia mubunge mpaka raisi. Tunaona inafaa kuongeza na hiki, hata kama hakikuwa chake.

Mutoto wake mwingine, Andrew Jackson Houston, alipewa kiti cha seneta wa Texas mu 1941, akiwa na miaka 86. Liwali wa wakati ule, W. Lee O'Daniel, alikitaka kile kiti yeye mwenyewe, akatafuta muzee wa kukitunza mpaka uchaguzi. Muzee alikufa mu miezi michache, na O'Daniel akachaguliwa seneta. Kisha yeye, John Connally alikuwa waziri wa majeshi ya bahari, kisha liwali wa Texas, kisha waziri wa feza wa federali. Milango ile miwili ingali wazi.

Wengi walipita pale, wengine kwa kazi nzuri, wengine kwa ujanja. Houston alikuwa na vyeo kushinda karibu wote. Alivipata kwa kura na kwa vita, kimoja alikiacha kwa haya, kingine alinyanganywa na wabunge. Cha mwisho angeweza kukishika kwa neno moja tu la kiapo, ao kwa jeshi la Lincoln. Alikataa yote mawili, akarudi nyumbani.